Usingoje Desemba: Panga safari ya Lamu wakati wa tanga mbili

Kuna watu wanaoamini kwamba bahari hufunguliwa Krismasi na kufungwa mwaka mpya ukifika. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Miaka miwili iliyopita, mimi na mabeshte wanne tulitoka huku Olenguruone siku moja baada ya Krismasi tukielekea Mombasa. Hatukuwa na tiketi ya treni, hatukuwa na chumba, hata mtu wa kumpigia simu hatukuwa naye. Tulidhani pesa ni pesa, ukiwa nayo milango inafunguka yenyewe. Nairobi tukaambiwa treni imejaa. Basi tulilopata nauli yake ilikuwa karibu maradufu. Tukafika alfajiri, tukazunguka na mabegi hadi saa sita mchana, tukaishia kulala watu watano chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Siku ya tatu tulikuwa tunagawana chipsi. Nauli ya kurudi nilitumiwa na mathe. Ilikuwa pesa ya maziwa.

Sasa ni Agosti. Nje kuna ukungu mzito hadi simwoni ng'ombe wa jirani, nimevaa sweta mbili, na mkononi nina daftari lenye mpango mwingine kabisa. Safari hii ni ya kisiwani Lamu, mwanzo wa Oktoba. Na naenda na mathe mwenyewe.

Nakuandikia wewe unayefikiria kwamba kuona bahari ni mambo ya watu wenye mshahara. Mimi sina mshahara. Nina blogu, kamera ya kuazima, na viazi vya shangi. Nitakuonyesha hesabu yote, kisha uniambie kama haiwezekani.

Ahadi niliyotoa nikiwa na miaka kumi na tisa

Acha nikwambie kwanza kwa nini ni mathe.

Siku nilipopata barua ya kujiunga na chuo, mama aliuza mbuzi wawili na kondoo mmoja. Jioni hiyo, kwa ile furaha ya kijinga unayokuwa nayo ukiwa na miaka kumi na tisa, nikamwambia: "Mama, siku nitakayofuzu nitakupeleka uone bahari." Yeye hajawahi kupita Nairobi. Maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona ni Ziwa Nakuru, tena kwa mbali, kutoka dirisha la matatu.

Sikufuzu. Mwaka wa pili karo ilishinda nguvu, nikarudi nyumbani nikisema nimeahirisha tu muhula mmoja. Muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa mitatu. Mama hakuwahi kuniuliza. Lakini nilimsikia kanisani akiwaambia wenzake, "Akimaliza masomo atanipeleka pwani." Nilisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Mwaka jana Oktoba tukiwa shambani nikamwambia ukweli. Nikasema, "Mama, chuo sirudi. Si mwaka huu, na sijui kama ni mwaka ujao. Lakini bahari tutaenda." Akaendelea kung'oa viazi kama dakika nzima hivi. Kisha akasema, "Kwani bahari inaitisha cheti?"

Novemba nikaanza kuweka akiba. Shilingi elfu moja kila wiki. Wiki arobaini na nane.

Msimu wa kati una jina lake

Wenye hoteli wanajua kitu ambacho wengi wetu hatukijui: mwaka wa utalii si msimu wa juu na wa chini pekee. Katikati kuna wiki ambazo hali ya hewa ni nzuri, watu ni wachache, na bei haijapanda. Kwa Wazungu hayo ni maarifa ya vitabu vya safari. Kwa Waswahili ni maarifa ya mababu, na yana jina.

Bahari yetu huongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Ndizo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi huvuma kutoka kusini, takriban Aprili hadi Septemba, na ndizo zilizoyarudisha kwao. Katikati ya pepo hizi mbili kuna kipindi ambacho upepo unabadilika na kutulia, na chombo kinaweza kutweka tanga kuelekea upande wowote. Wenyewe wanakiita tanga mbili, au maleleji.

Unaona? Manahodha walikuwa wanapanga safari kwa msimu karne nyingi kabla hatujapewa neno ofa.

Tanga mbili huja mara mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni karibu Machi na Aprili, kabla Kusi haijashika. Shida yake ni kwamba mvua za masika ziko mlangoni, na Mei ndio huwa mwezi wa mvua nyingi zaidi pwani. Baadhi ya nyumba za wageni za Lamu hufunga kabisa Mei na Juni. Juni hadi Agosti Kusi ina nguvu na bahari huchafuka. Ya pili ni karibu Oktoba na Novemba. Kusi imechoka, Kaskazi haijaamka, na mvua za vuli ndio kwanza zinajiandaa.

Kwa hivyo nilichagua wiki ya kwanza ya Oktoba. Lakini upepo peke yake hautoshi. Kalenda nne nyingine lazima uziweke mezani.

Kalenda ya shule. Mwanzo wa Oktoba watoto wako muhula wa tatu, kwa hivyo familia za Nairobi hazijajaa kwenye treni.

Kalenda ya sikukuu. Oktoba ina tarehe 10 na tarehe 20, Mashujaa. Wikendi ikiungana na sikukuu, bei za pwani zinajua. Nenda kabla, ama subiri zipite.

Kalenda ya mwezi. Lamu ni mji wa Kiislamu. Ramadhani ikiwa imeingia, mikahawa mingi hufungwa mchana. Maulidi nayo hujaza mji, hasa sherehe za Msikiti wa Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Ukitaka kuyaona, nenda makusudi na ubuku mapema sana. Ukitaka utulivu, yaepuke. Tarehe hizi husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo usitumie kalenda ya mwaka jana.

Kalenda ya shamba. Hii ndiyo yako mwenyewe. Kwetu viazi vya masika hung'olewa Julai na Agosti, kwa hivyo Septemba mtu ana kitu mfukoni. Jirani anayeuza majani chai kwa kiwanda cha KTDA atakwambia asubiri bonasi ya Oktoba. Kama wewe ni wa duka, wa boda au wa kinyozi, unajua mwezi wako. Usipange safari mwezi ambao pesa zako zinalala.

Njia, kutoka kwenye baridi hadi kwenye maji

Ramani inatisha: Olenguruone iko juu kwenye Mau, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Lamu iko kule karibu na Somalia. Usiiangalie yote kwa mara moja. Igawe.

Siku ya kwanza tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, Keringet, Molo, Nakuru, kisha Nairobi. Tunalala kwa shangazi. Gunia dogo la viazi litalipa kitanda na chakula cha jioni, na tunalikabidhi hapo hapo Nairobi.

Siku ya pili ni treni. SGR ilianza kubeba abiria 2017, na tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Zamani ilikuwa 1,000. Kuna treni ya usiku, na vijana wengi huipenda kwa sababu inaokoa pesa ya chumba. Mimi nimechagua ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani. Inapita Tsavo mchana, na nataka mama aone ndovu kwa dirisha. Kwake hiyo pekee ni nusu ya safari.

Kata tiketi mapema kwa simu. Hukatwa kwa jina na nambari ya kitambulisho, kwa hivyo hakikisha ulichoandika ndicho kilicho kwenye kadi. Fika kituoni angalau saa moja kabla, maana ukaguzi wa mizigo ni wa kweli na treni haimsubiri mtu. Na kata ya kurudi siku hiyo hiyo unayokata ya kwenda. Mimi nimejifunza hilo kwa pesa ya maziwa.

Ukishuka Miritini bado hujafika mjini, panda matatu. Tunalala Mombasa usiku mmoja.

Siku ya tatu ni basi la alfajiri kwenda Lamu: Malindi, Garsen, Witu, Hindi, hadi Mokowe. Ni zaidi ya kilomita 300, siku nzima ya kukaa. Lami imefika, na wenye kukumbuka njia ya zamani wanasema tumshukuru Mungu. Mokowe barabara inaishia kwenye maji. Hapo unaingia boti, na baada ya muda mfupi kisiwa kinasimama mbele yako.

Pesa: hesabu ya watu wawili

Hivi ndivyo nilivyotenga. Nyingine ni bei kamili, nyingine nimeulizia kwa simu na kuongeza kidogo ili nisiaibike mbele ya mzazi.

Matatu Olenguruone hadi Nairobi na kurudi: 4,800.
Treni, kwenda na kurudi: 6,000.
Basi Mombasa hadi Mokowe na kurudi: 6,000.
Boti ya abiria, kwenda na kurudi: 800.
Chumba Mombasa, usiku mmoja tukienda na mmoja tukirudi: 4,000.
Chumba cha vitanda viwili Lamu, usiku tatu: 7,500.
Chakula, siku saba: 8,400.
Jahazi, makumbusho na vitu vidogo: 4,500.
Dharura: 6,000.

Jumla ni 48,000. Gawanya kwa wiki arobaini na nane, unapata ile elfu moja. Mkienda wawili mkagawana gharama, hesabu yako ni nusu ya hiyo, yaani mia tano kwa wiki.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipoteleza. Mwezi wa Mei mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa karo. Sikuwa na kwingine, nikatoa 6,000 kwenye pesa ya safari. Mama akasema, "Toa zote basi. Bahari haitahama." Nilikaa usiku huo nikiwaza kama ana haki. Kijana wa watu yuko nyumbani hana kitabu, na mimi naweka pesa za kwenda kuangalia maji?

Sikutoa zote. Nililipa kilichodaiwa, kisha nikapiga picha kwenye harusi na ruracio wikendi sita mfululizo, kila wikendi elfu moja ya ziada ikarudi mahali pake. Leo niko wiki ya thelathini na tisa na nina 39,000 kamili. Nilichojifunza ni hiki: karo ya mtoto si dharura, inajulikana inakuja. Iwekee mfuko wake. Usipofanya hivyo, kila muhula utakula safari, na miaka itapita kila mtu akisema tu bahari haitahama. Ni kweli haitahama. Lakini magoti ya mathe yanahama kila mwaka.

Ukweli ambao video hazikuonyeshi

Usalama. Lamu ilipata majeraha, hasa mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, na barabara ya kule bado ina vizuizi vya polisi na askari. Safiri mchana. Beba kitambulisho halisi, si picha kwenye simu. Wiki ya kusafiri, piga simu kwa kampuni ya basi na kwa mwenyeji wako uulize hali ya njia. Ukiambiwa subiri, subiri.

Mvua. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zilifurisha Mto Tana na barabara ya Lamu ikakatika upande wa Garsen. Ndiyo maana mimi sichezi na Novemba, na ndiyo maana dharura ni 6,000 na si 1,000. Ukikwama usiku mbili, unatakiwa uweze kula na kulala.

Malaria. Sisi wa milimani mbu hatujazoeana naye. Pitia kituo cha afya kabla ya safari uulize kuhusu dawa za kinga, kwa sababu nyingine huanza kumezwa kabla hujaondoka. Lala ndani ya chandarua. Ukirudi nyumbani ukapata homa, mwambie daktari ulikuwa pwani, usimwache akadhani ni mafua ya Olenguruone.

Joto. Mama aliniuliza kama abebe ile koti yake nzito. Nikasema ibebe hadi Nakuru tu. Kunywa maji mengi, na mzee usimtembeze jua la saa saba.

Bahari yenyewe. Ukipanda jahazi, kubaliana bei kabla ya kuweka mguu ndani, na uitishe jaketi la kuokoa maisha. Kama nahodha anasema leo upepo haufai, usimbembeleze kwa sababu una siku moja tu. Yeye ndiye anayejua.

Ukifika, kuwa mgeni mzuri

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini usiende ukidhani ni makumbusho. Watu wanaishi mle. Vichochoro ni vyembamba, gari halipiti, punda ndiye lori. Ukisikia mtu nyuma yako akipaza sauti, bana ukutani, mzigo unapita.

Vaa kwa heshima mjini. Kaptura fupi na kifua wazi ni za ufukweni, na hata huko jifunge leso ukitoka majini. Salimia kwanza kabla ya kuuliza bei. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, hasa akina mama waliovaa buibui. Hapo mathe yangu atanishinda: yeye kwa sketi ndefu na kitambaa kichwani atapita kama mwenyeji. Ni mimi wa jinzi zilizoraruka ninayehitaji kujirekebisha.

Siku tatu zinatosha vitu vingi vya bei nafuu. Ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, iko katikati ya mji. Kuna hospitali ya punda. Kutembea kwa miguu hadi Shela ni chini ya saa moja kando ya maji, na huko ndiko kuna ufuko mrefu wa mchanga mweupe. Ukiwa na pesa ya boti, kuna magofu ya Takwa kisiwani Manda, na Matondoni ambako mafundi bado wanaunda majahazi. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, jioni ni samaki wa kupaka. Na tega sikio kwa Kiamu. Utagundua kwamba hiki Kiswahili chetu cha Molo na Nakuru tulikiazima, na wenyewe wako hapa.

Kwa nini nisiende Zanzibar, unauliza? Kwa sababu pasipoti sina, na kisiwa cha kwanza nataka kiwe changu kwa kitambulisho changu. Zanzibar itafika siku yake.

Fanya hivi wiki hii

Usishare tu haya maandishi kwa kikundi cha mabeshte halafu mkaandika "lazima". Nimekuwa kwenye hivyo vikundi, tumewahi kwenda Diani mara kumi na moja bila kutoka stegi.

Chukua karatasi. Andika tarehe moja, si "mwakani", tarehe. Andika jumla. Gawanya kwa wiki zilizobaki. Kama jibu linakushinda, sogeza tarehe mbele hadi tanga mbili inayofuata, usiifute. Kisha weka ya kwanza leo, hata kama ni mia mbili, mahali ambapo huwezi kuitoa ukiona viatu.

Mimi zimebaki wiki tisa. Jana nilimkuta mathe akimwonyesha binti wa jirani jinsi ya kumkamua ng'ombe wetu mkaidi, yule anayerusha teke ukimgusa upande wa kushoto. Nikauliza, mbona mapema hivyo, bado miezi miwili? Akasema ng'ombe anahitaji muda wa kuzoea mtu mgeni.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini kana kwamba anaona aibu, kama ni kweli maji ya bahari yana chumvi yote, ama ni pembeni tu.

Sikumjibu. Nimemwambia ataonja mwenyewe.